Nyasi za Kuangukia

Mshonaji hakuwa na haja ya bustani. Alichotaka ni mahali pa mumewe kuangukia.

Tangu kiharusi kimpige, mzee yule alikuwa habanduki kitini pale mlango wa nyuma. Daktari alisema mguu utapata nguvu akiutembeza, lakini uwanja ulikuwa changarawe tupu, naye alishaanguka mara moja majirani wakiona, akaapa haitatokea tena. Hata maneno aliyapunguza. Mtu aliyezoea kubishana na redio sasa alijibu kwa kichwa. Mkewe alimkumbuka sana, na huku anamwona.

Basi akatafuta vibarua, changarawe ikazolewa, udongo ukalimwa ukawa laini. Muuza mbegu za nyasi akamwambia ni gramu thelathini kwa kila mita ya mraba. Mama wa watu akachukua futi yake ya kushonea, akapima kutoka mlangoni hadi ukutani, akapata mita tisa. Akazidisha kwa thelathini, akaongeza kidogo kwa ajili ya upindo, kama afanyavyo kwa kila gauni. Upana hakuugusa. Maisha yake yote kitambaa kimemjia na upana wake kutoka dukani. Kazi yake ni kusema mita ngapi.

Asubuhi akaanza kumwaga mbegu kwa maringo yote. Hajafika popote, mfuko mtupu.

"Nimepunjwa!" akafoka. "Yule muuza mbegu leo atanitambua!"

"Ulipimaje?"

Akageuka. Ni mzee aliyeuliza.

"Mita tisa, na upindo."

"Na upana?"

"Upana gani tena? Si uwanja unakuja nao?"

Mzee akamkodolea macho, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka mpaka akapaliwa.

"Mama watoto, hapa hukati suruali! Urefu mara upana. Lete hiyo futi, shika huku."

Akainuka. Alishika ukuta kwanza, halafu akauachia. Mshonaji akabana ncha moja, mzee akavuta nyingine, akiburuta mguu, akaweka alama kwa kidole, akamngoja mkewe afike, akasonga tena. Mshonaji hakuthubutu kufungua mdomo, asije akamkumbusha kwamba anatembea.

Katikati ya uwanja mguu ulinasa, mzee akaenda chini mzima mzima.

Sasa ndiyo basi, aliwaza mshonaji akikimbia, hatainuka tena kwenye kile kiti. Alimkuta amekwisha kaa, udongo mpaka kwenye nyusi, kidole bado kimebana futi ardhini.

"Usinivurugie hesabu," mzee akasema, akihema. "Soma hapo. Tumefika ngapi?"

Mshonaji akainama asome. Machozi yalimjaa, namba zote zikachanganyika.

"Sioni, baba watoto."

"Basi tutaanza upya," akasema mzee, akanyoosha mkono mkewe amwinue.