Gurudumu la Mbele

Kama kuna mtu anataka kujua jinsi ya kumpokonya mwenzake maisha bila kumgusa hata unywele, akamuulize mjomba wangu. Ana karakana ya baiskeli, ana klabu ya vijana, ana sauti ya upole, na waendeshaji wote wa mji mzima wanamwita Kocha. Mimi namwita Mjomba, kwa sababu yeye na mama ni tumbo moja, na kwa sababu nimelelewa nikiamini kwamba mjomba hakutupi.

Nilihamia kwake nikiwa bado shuleni. Alikuja kututembelea akanikuta napanda kilima chetu na mtungi wa gesi nyuma ya baiskeli, siku hiyo hiyo akamwambia mama, "Dada, huyu mtoto ana mapafu ya ng'ombe. Nipe mimi nimfundishe." Mama alicheka, akanifungia nguo zangu. Kwa Mjomba nikalala chumba kimoja na bintiye, ambaye kwa hesabu za ukoo ni binamu yangu, ila tumegombania shuka moja miaka mingi mno kuitana binamu. Namwita Dada. Klabuni yeye ni Tiara, kwa jinsi anavyopaa mlimani. Mimi ni Trekta. Wala sikulichukia hilo jina, maana trekta linavuta, na kuvuta ndiyo kazi niliyofundishwa.

Kuvuta ni hivi. Anayekaa mbele anakula upepo, aliye nyuma yake anapumzika. Kila timu ina nyota, na ina watu wa kumtumikia nyota: wanamkingia upepo, wanamletea maji, na akipata pancha wakati gari la timu liko mbali, mmoja wao anang'oa gurudumu lake anampa, kisha anabaki kando ya barabara akisubiri gari lije limpe lingine. Hilo halina mjadala. Ukisita, hata wapinzani watakusema.

Mwaka huu timu moja kubwa ya kulipwa ilimtuma kwetu skauti wake, mtu wa kusaka vipaji. Timu hiyo ina kikosi cha vijana. Wanawachukua, wanawapa makazi, daktari na mwalimu wa mazoezi, wanawapika polepole mpaka waive. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja. Skauti alikuja na baiskeli yake ya kupimia, ile isiyokwenda popote, akaifunga katikati ya karakana, tukapanda mmoja mmoja kukanyaga mpaka roho zikafika kooni. Dada alishuka akatapikia kwenye beseni la pancha. Mimi nilishuka nikauliza kama kuna raundi nyingine.

Skauti akacheka, akaniuliza umri. Nilipomtajia, akakuna kidevu.

"Basi kwako ni mwaka huu. Mwakani utakuwa umetupita, kikosi cha vijana kina mpaka wake." Akaangalia tena kioo cha mashine. "Hii inaniambia una injini. Kama una kichwa, nitaiuliza barabara Jumapili."

Mjomba alikuwa pembeni anafuta spana ambayo tayari ilikuwa safi.

Jumamosi jioni aliniita karakana, akanipa stuli yake. "Mwanangu, sikiliza. Hawa watu nyota wanao tele. Wanachotafuta ni mfanyakazi. Kesho mvutie dada yako mpaka chini ya mlima. Skauti atakuwa ndani ya gari na mimi, atakuona kwa macho yake."

"Na mlimani?"

"Mlimani kila mtu na miguu yake."

Nikamkumbatia. Ndiyo, nikamkumbatia, na shati lake lilinuka grisi kama kawaida, na nikajiambia hata baba mzazi asingenitendea haki kama hii.

Asubuhi aliandaa magurudumu yote kwa mkono wake. Hapo hamwachii mtu. Anajaza upepo, anabonyeza tairi kwa dole gumba, kisha anachukua kifunguo chake kidogo na kukaza kisindano kilicho ndani ya vali, kile kinachozuia upepo usitoke. "Hili la mwisho," alizoea kutufundisha, "na ukilisahau umesahau yote." Sijawahi kumwona akilisahau.

Mbio zilipoanza nilivuta. Sijui niseme nini zaidi. Nilivuta mpaka kundi likakatika vipande, na mlima ulipoanza kuonekana tulikuwa wachache tu mbele, Dada akiwa amejibanza mgongoni kwangu. Na miguu yangu bado ilikuwa inadai kazi. Nilifurahi peke yangu kama mwehu. Nilishachagua kona ya mlimani ambayo ningechomokea kuwaacha wote.

"Trekta! La mbele!"

Nikageuka. Gurudumu la mbele la Dada lilikuwa limelegea. Mtu akipata pancha ananyoosha mkono juu, gari la timu linamwona, na gari letu halikuwa mbali, nilisikia honi yake nyuma ya kona. Dada hakunyoosha mkono. Aliniita mimi. Wala sikujiuliza kwa nini. Niliruka chini, nikang'oa langu, nikamfungia, nikamsukuma mgongoni mpaka akachanganya mwendo. "Mungu akulipe," akasema bila kugeuka.

Nikabaki pale na gurudumu lake bovu nimeliinua juu ya kichwa ili wanione vizuri. Gari likaja, magurudumu ya akiba yamejipanga juu ya paa. Nilimwona Mjomba kwenye usukani, nikamwona skauti kando yake, nikaona mdomo wa Mjomba unasema kitu. Gari likapunguza mwendo. Kisha likapita.

Mwanzoni nilicheka, nikidhani wanatafuta mahali papana pa kusimama. Likakata kona, likapotea. Nikaanza kutembea na viatu vyangu vya mbio vinavyoteleza kwenye lami, baiskeli begani, mpaka lori linalookota walioshindwa likaniokota.

Dada alimaliza wa pili. Jioni ile ile nafasi ikawa yake.

"Nilidhani umechoka, mwanangu," Mjomba aliniambia. "Nilikuona umesimama, nikasema huyu kazi yake ameimaliza." Macho yake yalikuwa mekundu, nikamhurumia. Nikamwambia haina shida. Aibu yangu!

Kesho yake nikashika lile gurudumu nizibe pancha. Nikatoa tyubu, nikaijaza, nikaizamisha kwenye beseni, nikaizungusha polepole kama nilivyofundishwa. Hakuna povu. Nikazungusha tena, hakuna. Nilipofika kwenye vali ndipo mapovu madogo yakapanda, yamefuatana. Nikashika kile kisindano kwa vidole vitupu, kikazunguka. Kilikuwa kimeachiwa kidogo tu, kiasi cha kumaliza upepo taratibu, mtu akiwa njiani.

Nilikaa chini sakafuni. Nikajiambia amezeeka, amesahau, mawazo mengi. Nikakikaza, nikalijaza gurudumu, nikalitundika ukutani. Nilimtetea kichwani mwangu kama wakili wa kulipwa.

Kisha skauti akaja kumpima Dada urefu wa miguu na mikono, kwa ajili ya baiskeli yake mpya. Alipomaliza alinikuta mlangoni, akanipa mkono.

"Nakutakia masomo mema."

"Masomo gani?"

Akanitazama. "Si unaenda chuo? Kocha alinieleza garini, pale uliposimama. Kwamba umeshaamua kuacha mbio, na siku ile ulikuwa unamsindikiza dada yako tu. Nilisikitika, nikuambie ukweli. Namba zako zilikuwa juu ya zake."

"Sina chuo chochote," nikasema.

Alivua kofia, akaivaa tena. "Binti, nafasi ilikuwa moja, na imeshasainiwa. Laiti ningejua." Naamini alisikitika kweli. Akaingia kwenye gari lake akaenda zake, maana kusikitika si kazi anayolipwa.

Hapo wakili wangu akakunja faili. Nikaelewa kila kitu, na nikaelewa kwa nini halikulegezwa gurudumu langu. Langu lingelegea, ningenyoosha mkono, na Mjomba angelazimika kusimama kunihudumia mbele ya skauti. Lakini la Dada likilegea, nitampa langu. Alikuwa na uhakika huo kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Alinichimbia shimo kwa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Siku ya kumuaga Dada waliandaa chakula, mama akafika na gauni lake la sherehe. Mjomba akasimama kuhutubia. Alitaja nidhamu, akataja kujitolea, akataja familia. Alipofika kwenye familia nikaingia na gurudumu.

"Mjomba, bonyeza."

Akabonyeza kwa dole gumba. Hakuweza kujizuia, mkono wake umezoea. "Limejaa vizuri. Nani kaziba?"

"Hakuna aliyeziba. Halikuwa na tundu. Nilikaza kisindano tu, na tangu siku hiyo sijaligusa."

Mjomba akafuta dole gumba kwenye suruali. "Hata mtu mzima husahau," akasema.

"Na chuo changu? Hicho nacho ulisahau kuniambia ninakwenda lini?"

"Chuo gani?" mama akauliza. Alinitazama mimi, akamtazama mdogo wake. Mjomba akaketi.

"Dada," akamwambia mama, "huyu ni mwanangu wa kumzaa. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Na huyu," mama akasema, "ulikuja kuniomba kama nani?"

Dada ndiye aliyeanza kulia, akanishika mkono. "Habari ya chuo sikuijua, naapa. Baba aliniambia tu kwamba nikihisi gurudumu linalegea, nisinyooshe mkono. Nikuite wewe."

Aliniambia hivyo kama mtu anayejitetea. Ndipo nilipojua kwamba alijipanga kwenye mstari wa kuanzia pamoja nami, akanywa maji kutoka kwenye chupa yangu, akakaa mgongoni kwangu njia nzima akisubiri kulegea. Mjomba aliniumiza. Huyu alinimaliza.

Sikupiga kelele, ingawa nilitamani. Begi la baiskeli yake lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa safari. Nilifungua zipu, nikatoa gurudumu langu la mbele, nikalitia la kwake mahali pake.

"Limekazwa," nikamwambia. "Hili halitakuangusha."

Nikashusha baiskeli yangu ukutani, ambayo siku zote hizo ilining'inia bila gurudumu la mbele, nikalifunga, nikabonyeza tairi. Mama aliniuliza kama tutapanda basi pamoja. Nikamwambia atangulie, mimi nitaendesha mpaka nyumbani.

Barabara yote ilikuwa upepo wa mbele. Kwa mazoea nikashika upande wa kushoto, nikainama, nikaacha nafasi ya mtu kujikinga. Nilikwenda mwendo mrefu hivyo kabla sijakumbuka kwamba nyuma yangu hakuna mtu.