Folda ya Wawili

Saa nne na nusu asubuhi mwalimu aliusoma ujumbe wa kompyuta kwa mara ya tano: folda inasomeka tu, haiandikiki. Video zake za kufundisha hesabu kwa lugha ya alama zilikuwa tayari, zimebaki kuunganishwa na kutumwa wizarani kabla ya saa sita. Zikikubaliwa, zingefika shule zote za watoto viziwi. Zikichelewa, basi tena.

Kompyuta moja, wenyewe wawili, mifumo miwili ndani yake. Yeye alitumia Linux; dada yake, muuguzi anayejiendeleza chuoni, alitumia Windows. Upande wa Linux ulikuwa umejaa pomoni, kwa hiyo kazi nzito waliziweka kwenye folda ya pamoja, upande wa Windows. Walikubaliana jambo moja: ukimaliza, zima kabisa. Lakini alfajiri dada alikimbilia zamu, akaiacha Windows imelala na kazi yake ikiwa wazi. Ikilala hivyo, Linux hairuhusiwi kuandika chochote humo. Kuiamsha kulitaka nywila ya dada.

Simu ya dada ilikuwa imezimwa. Akapiga wodini.

“Yuko chumba cha upasuaji mpaka saa nane,” muuguzi mwenzake alijibu. “Kuna mgonjwa?”

“Hapana. Nataka nywila.”

“Kaka, hapa tunashona watu.” Akakata.

Mama yao akachungulia mlangoni. “Si uilazimishe tu?”

“Nikiilazimisha, alichoandika bila kukihifadhi kitapotea.”

“Dada yako na kuhifadhi wapi na wapi? Hata funguo zake namtafutia mimi.”

Mwalimu alifuta nyimbo upande wake wa Linux, akafuta filamu. Nafasi haikutosha. Saa tano na robo ikafika. Aliwafikiria wanafunzi wake, mikono yao midogo ikihesabu hewani. Akajiambia dada lazima amehifadhi. Hakuamini, ila alijiambia. Akaandika amri ya kuufuta usingizi wa Windows, akabonyeza.

Folda ikaandikika. Video zilifika zikiwa zimebaki dakika nne.

Saa tisa dada alirudi, akawasha Windows, akafungua kazi yake. Ripoti ya utafiti wake wa mwisho chuoni, ya kukabidhiwa kesho, iliishia ukurasa wa kumi na moja.

“Jana nilifika wa ishirini na sita,” alisema. “Umeme ulikatika?”

Uongo ulikuwa pale pale, wa kuokota tu.

“Hapana, dada. Niliilazimisha. Nilijua.”

Dada hakumgombeza, na hilo ndilo lililomkata maini. Alivua viatu vya kazini, akajaribu kukumbuka. Sentensi ya kwanza ilikuja. Ya pili ikaja nusu.

“Imekwenda, mdogo wangu. Nimesimama tangu alfajiri, kichwa kitupu.”

“Wewe sema, mimi nitaandika.”

“Niseme nini?”

Mwalimu alivuta kiti, akaweka vidole juu ya vitufe. Dada alifumba macho.

“Andika ukurasa wa kumi na mbili,” alisema hatimaye.

Akaandika. Kisha wakangoja wote wawili sentensi ya pili irudi.