Kifungo cha Tatu Kutoka Juu

Usiku wa jana, nikiwa nimelala na shati langu la kijani kwa sababu hasira ilinizuia hata kulivua, niliota niko chali ndani ya Pijo letu kuukuu, miguu nje ya mlango, kichwa chini ya dashibodi, tochi mdomoni.

Nilijua nimefuata nini. Asubuhi fundi Mbaruku angekuja na msumeno wake wa umeme kupanua tundu la redio, aweke redio mpya tuliyoletewa na binti yetu Perpetua, yenye kioo kama cha simu. Ile ya orijino, iliyokuja na gari kutoka kiwandani, Mbaruku aliigongagonga kwa kidole akatangaza: "Mzee, hii imekufa." Na dashibodi ikishakatwa, imekatwa.

Mimi ningekubali yaishe. Lakini mke wangu Fidea, sikio lake la kushoto limegoma na la kulia linachagua. Sauti nyembamba hailiingii. Ile redio mpya tuliijaribu mezani, akaniuliza mbona leo mbu wengi. Ni redio ya Pijo tu, yenye sauti nzito ya kutoka tumboni, ndiyo humfikia. Kila Jumapili tukitoka kanisani tulikuwa tunakaa garini hapo hapo uani, yeye sikio kwenye dashibodi, tunasikiliza kipindi cha salamu, watu wa Handeni wakiwasalimu watu wa Muheza ambao hatuwajui. Tangu redio inyamaze, Fidea bado huenda kukaa mle. Anakaa tu, anaitazama.

Basi niko chali. Nikaweka bisibisi kwenye skrubu.

"Hodi iko wapi?" redio ikauliza.

Nikatoa tochi mdomoni. "Hodi. Nimekuja kukufungua."

"Kunifungua niimbe, au kunifungua matumbo?"

"Matumbo kwanza."

"Haya, karibu. Futa miguu."

Nikafuta miguu, nikaingia kwa kichwa. Usiniulize nilipenyaje. Redio ni pana sana ukishakuwa ndani.

Ndani ni Bunge. Wabunge ni valvu, zile taa za vioo zinazoipa redio ya zamani sauti yake, wamekaa wima kwenye viti vyao, vipara vinang'aa. Mbele yao, kwenye kiti kirefu, amekaa Spika. Spika mwenyewe ni spika: duara, mdomo mpana wa karatasi nyeusi, na wigi la vumbi.

"Mheshimiwa Spika," anasema mbunge mmoja mnene, "naomba nipate moto kwanza ndipo nichangie."

"Pata moto."

Tunasubiri. Anapata moto. Anasema hana la kuchangia.

Spika ananigeukia. "Wewe umeingia Bungeni kwa kichwa. Adhabu yake ni kifungo."

"Cha muda gani, Mheshimiwa? Nina mke nyumbani."

"Cha tatu kutoka juu."

Karani anakuja na mkasi, anakata kifungo cha tatu cha shati langu, anakiweka kwenye kisahani, anaondoka nacho. Nikashukuru. Sijawahi kuona kesi ikiisha upesi namna ile.

"Sasa tuje kwenye hoja," anasema Spika. "Kuna fundi huko nje anasema tumekufa. Aliyesema tumekufa alete maiti."

Wote wananitazama mimi, kwa kuwa ndiye pekee niliyetoka nje. Nikapapasa mifuko. "Maiti hakuna, Mheshimiwa."

"Kama hakuna maiti, hakuna msiba. Kama hakuna msiba, basi kuna mtoro. Nani hayupo?"

Wabunge wakageukiana kwa mlio wa vioo. Kiti kimoja kilikuwa kitupu, kimebaki na doa la nta.

"Mheshimiwa Kapasita," wakasema kwa pamoja. "Ameaga. Kaenda stesheni."

"Redio inayotafuta stesheni ni jambo la kawaida," Spika akasema, akajizungusha kitovu. Mshale ukatembea juu ya vichwa vyetu, ukapita mahali penye kukoroma, ukapita mahali penye Kiarabu, ukasimama.

Nipo Korogwe, stesheni ya reli. Jua la asubuhi. Kwenye benchi amekaa Kapasita mwenyewe, mzee mfupi mnene, koti la karatasi ya kahawia lililopakwa nta, sanduku miguuni.

"Shikamoo," tukaambiana wote wawili kwa pamoja. Kila mmoja akangoja marahaba. Hakuna aliyeitoa.

"Nimestaafu," akasema mwishowe. "Kazi yangu ilikuwa kuushika umeme na kuuachia kwa kiasi. Sasa sishiki. Navuja."

"Hata mimi, mwenzangu."

"Wewe unavuja wapi?"

"Tuyaache hayo."

Tukayaacha. Nikamweleza habari za Fidea, sikio lake, Jumapili zake, na msumeno wa Mbaruku. Mzee akanisikiliza huku akichungulia reli.

"Ndiye yule mama mwenye harufu ya vitunguu mkononi?"

"Ndiye."

"Anayecheka mpaka dashibodi inatetemeka?"

"Ndiye huyo. Siku hizi hacheki."

"Tulidhani yeye ndiye aliyekufa," akasema. "Tulikuwa tunakaa mle gizani tunaulizana, yule mama mbona hacheki?" Akapiga makofi. "Mimi sirudi, bwana wee, nitawachafulia. Ila ninaye mjukuu."

Kutoka nyuma ya sanduku akatokea kapasita wa kike, wa manjano, mdogo kama punje ya hindi. Akanipa shikamoo yake vizuri, nikaipokea.

"Kazi ataiweza," nikasema, "lakini si orijino. Bungeni watamtoa mbio."

Mzee akasimama. Akavua koti lake la nta, akabaki na singlendi, akamvika mjukuu. Koti likamfunika hadi miguuni.

"Kazi afanye yake," akasema, "sura awe na yangu. Na mwambie mkeo asipandishe sauti kabla wale wabunge hawajapata moto. Ni wazee."

Treni ikaja, akapanda na singlendi yake, akanipungia mkono dirishani mpaka akapotea.

Kugeuka, tupo Bungeni. Spika akalikagua koti mbele na nyuma. Akakohoa vumbi. "Mheshimiwa Kapasita, karibu tena. Umekonda." Kisha akaamuru: "Apigwe risasi miguu yote miwili!"

Binti akanishika kidole. "Babu, itauma?"

"Nyoosha miguu, mjukuu wangu. Ni risasi ya kuungia waya. Itakuwa moto kidogo, kisha utakuwa kazini."

Akanyoosha. Nikagusisha pasi ya kuungia waya niliyopewa na karani, risasi ikayeyuka, ikamshika kila mguu mahali pake. Moshi mdogo ukapanda kama wa ubani.

"Wanaoafiki kwamba hatujafa?" Spika akauliza.

"Ndiyooo!"

Ndiyo yao hiyo ilikuwa nzito, ya kutoka tumboni. Ikanirusha nje ya redio, nje ya Pijo, nikaangukia kitandani kwangu, asubuhi, upande wa Fidea ukiwa mtupu.

Nikakimbilia uani. Mbaruku amesimama kando ya gari, msumeno mkononi, hajauwasha. Fidea yuko ndani, sikio kwenye dashibodi, na sauti nene kama uji inasema mtu wa Handeni anawasalimu ndugu zake wote wa Muheza, na paka wao.

"Mama!" Mbaruku akapaza sauti. "Lakini si hii ilikufa?"

"Aliyesema imekufa alete maiti," Fidea akajibu, bila kuinua kichwa.

Mbaruku akautazama msumeno wake, akauficha nyuma ya mgongo.

Nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha dereva. Mtangazaji akasema jambo la paka tena, Fidea akacheka, dashibodi yote ikatetemeka. Kisha akanigeukia, akanivuta shati.

"Baba Perpetua, unatoka kifua wazi mbele ya watu? Kifungo kiko wapi?"

Nikatazama redio. Nyuma ya kioo, kwenye mwanga wa manjano, pale mshale uliposimama, kimelala kifungo kidogo cha kijani, na uzi wake.

"Nakitumikia," nikamwambia.