Alichomwambia Nesi

...na mkono wake autoe hapo begani, kazi ya nesi ni kudondosha dawa ya usingizi kwenye shashi, si kumpapasa mume wa mtu, "vuta pumzi, baba Aida, taratibu, hesabu pamoja nami," anasema huyu Ruti kwa sauti ya kubembelezea mtoto, na Osea, Osea wangu ambaye nikimwambia anawe, chakula kiko tayari, hujibu nimeona, anahesabu, moja, mbili, kama mtoto wa darasa la kwanza, macho kamkazia yeye, mimi niliyekaa hapa kwenye kigoda hanioni, mimi niliyeamka wiki tatu kumchemshia maji ya chumvi ya Ivuna na kumtwangia karafuu za kuweka kwenye hilo gego lililooza, twende misheni kwa dresa akaling'oe, baba Aida, shavu limekuwa boga, akajibu gego gani, mbona haliumi, halafu jana akapaka mafuta, akavaa shati la Krismasi, naenda kijiji cha Ruanda kutazama miche ya kahawa... miche inatazamwa kwa shati la Krismasi? nilijua, mwanamke haambiwi, na leo nilipomfuata nyumanyuma mpaka hapa misheni nikamkuta kalala mezani, binti mwenye kofia nyeupe kamwinamia, nikasema ndiye huyu, leo nimewakamata... "tano, sita," ulimi wake umeanza kuwa mzito, harufu ya dawa imenifikia hata mimi, tamu, inachefua, dresa Anania yuko dirishani anapangusa koleo, hana haraka, "Mama, usihangaike," Ruti ananiambia bila kugeuka, "baba alikuja jana akatueleza yote, kwamba akiliona koleo anaogopa, ndipo bwana dresa akakubali kumlaza kwa dawa," anaogopa? Osea? aliyemuua chatu kwa jembe? na akamweleza huyu, waliyejuana naye jana, ee Mungu, afadhali angekuwa hawara, hawara ningemweza, ningemvizia kisimani, ningemshitaki kwa wazee wa kanisa, lakini hili nitalishitaki wapi, kwamba mume wangu kampa mwingine woga wake, miaka kumi na miwili nalala ubavuni pake sijaonjeshwa hata tone, huyu ana nini, mimi nina kasoro gani, alimjibu nini alipomwambia, pengine hakucheka...

hakucheka. Mimi nilicheka. Mwaka ule wa kuanza vita vya Hitla, kwa mhunzi kule Mbangala, wanaume wanne wamemkalia Osea, mhunzi anamng'oa jino kwa koleo lile lile la kushikia majembe, naye analia mama, mama, sisi wasichana tumesimama nje ya ua, na mimi ndiye niliyecheka kuliko wote, nilikuwa nampenda, nikaogopa wenzangu wasije wakajua, na siku ya harusi nikawasimulia tena wanawake jikoni, na kile kilio nikakiigiza, wakacheka mpaka wakajishika mbavu, nikageuka, kumbe yuko mlangoni na mzigo wa kuni, akatabasamu, akaziweka chini, akaenda zake. Tangu siku ile hajawahi kuguna mbele yangu, hata tulipomzika mwanetu Yonasi alishika sepetu akafukia mwenyewe, macho makavu, nami kisimani nikajisifu kwamba nimeolewa na dume... "kumi," anasema Osea, "kumi na..." kichwa kimelala upande, "amelala," anasema Ruti, "ukitaka mshike mkono, mama, hasikii kitu," nimeushika, umelowa jasho, kumbe kweli mume wangu huogopa, na huyu binti namwonea wivu kuliko nilipoingia, kwa sababu yeye Osea hajawahi kumsikia akimcheka, na mimi nitafanya nini nisiwe yule aliyecheka, dresa bado anapangusa koleo, nimeinama sikioni pake, nisamehe, baba Aida, nasema, polepole, Ruti asisikie, na namshukuru Mungu kwamba na yeye hasikii, maana akiamka itanibidi nimwambie tena akiwa macho, na naogopa, naogopa asije akanicheka.