Chupa Isiyopungua

Daktari alinibonyeza vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja, kisha akaniuliza nyumbani tunapikia mafuta gani. Nikamwambia mafuta ni mafuta. Akasema viungo vyangu vimevimba kwa ndani. Nimeze dawa, na yale mafuta ya kukaangia yanayorudiwa mpaka yanakuwa meusi niachane nayo. Nitumie ya zeituni, kidogo, na yakishapikiwa yasirudi tena jikoni. Mimi ni fundi cherehani. Vidole vikigoma, mimi si fundi tena, ni mama tu aliyekaa karibu na cherehani.

Nikanunua chupa. Kwetu anayepika ni mume wangu, mstaafu wa jiko la shule ya bweni, miaka thelathini na moja. Nikamweleza kwamba mafuta haya ni sehemu ya dawa. Mengine nikaona atayajua mwenyewe, mpishi mzima.

"Sawa, mama watoto," akasema.

Miezi miwili chupa haikupungua. Nikawa naisifia kwa wateja: kizuri hakiishi haraka. Vidole navyo vilikuwa vilevile. Kila asubuhi nilikuta sindano zangu kumi na mbili zimeshatungwa uzi, zimechomekwa kwenye kitambaa, nami nikajifanya sioni.

Jumapili moja nikala yai lenye harufu ya samaki. Kuku hajui kuvua. Nikaenda jikoni, nikamkuta mwenzangu ameshika faneli na kipande cha kitambaa changu cha bitana, anayachuja mafuta ya kikaangoni kuyarudisha kwenye chupa. Hakumwaga hata tone.

"Hayo ni mara ya ngapi?"

"Sijahesabu. Ulisema ni dawa. Dawa haimwagwi."

Nikamwambia kwamba watoto wa watu alishawalisha masizi miaka thelathini na moja, sasa amenigeukia mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, faneli mkononi.

"Niliogopa yataisha," akasema. "Sindano zako natunga mimi. Najua hali ilivyo."

Nikaichukua ile chupa.

Nilikwenda kuyamwaga nyuma ya nyumba. Alisimama pembeni amefumbata mikono kama yuko msibani. Nikanunua chupa nyingine, nikamkabidhi na kijiko: kimoja, basi, na faneli nikaificha.

Wiki kadhaa baadaye, chupa ikiwa nusu, akaniuliza, kama alivyozoea tangu siku ile, kesho anitungie sindano ngapi.

"Kumi na moja," nikasema. "Moja niachie."