Lori Linalolemea Nyuma

Jumamosi saa mbili asubuhi, Donati alileta lori lake dogo gerejini kwa Abdulswamad, mtaa wa Mlabani, Ifakara, akilalamika kwamba linalemea nyuma. Lilikuwa tupu, alisema. Mpunga wote ameshusha jana jioni, na bado lori limekalia mkia kama kuku anayeatamia. Mafuta linabugia, na likipita kwenye tuta bodi inasaga matairi.

"Springi zimekufa hizo," alisema Donati. Wenye magari ndivyo walivyo: huja gerejini ugonjwa wameshaupima wenyewe, fundi wamembakizia spana.

Abdulswamad hakubisha. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na magoti mabovu kuliko magari aliyoyatengeneza. Alilala chini ya lori akayakagua majani ya springi, akayakuta mazima. Akapima upepo wa matairi. Akagonga chesisi kwa nyundo na kusikiliza, hakusikia ufa. Akaweka jeki ya tani tatu, ambayo kwa lori tupu la namna ile ni nguvu za kuchezea, na jeki ikagoma.

Ndipo alipopanda nyuma kutazama. Kwenye mabenchi ya mbao, ambayo Donati aliyapigilia ili lori la mpunga libebe na watu, walikuwa wamekaa abiria sita. Alikuwa amewaona tangu lori linaingia, lakini alidhani wamewahi nafasi. Watu wa Mofu, kijiji linakokwenda lori hilo, huwahi nafasi. Sasa aliona nguo zao zinachuruzika maji na sakafu yote imeloa. Yule wa mwisho, mwenye wavu wa samaki mapajani, alikuwa Mzee Antoni, ambaye Abdulswamad mwenyewe alihudhuria mazishi yake mwezi wa nne.

"Shikamoo, Mzee Antoni."

"Marahaba, fundi. Magoti vipi?"

"Yapo tu. Mbona hamshuki?"

"Tunasubiri gari lisimame."

Abdulswamad alichungulia chini. Lori lilikuwa limezimwa, matairi yamewekewa mawe.

"Limesimama, mzee."

"Kwenu huko," alisema Mzee Antoni bila ubishi. "Kwetu bado linatembea. Dereva kakanyaga breki tangu kule kwenye daraja, mpaka leo haijashika. Na mtu mzima haruki gari linatembea."

"Tumechoka, baba," alisema Mama Brigita, aliyekaa jirani yake na beseni tupu. "Kukaa nako kunachosha."

Abdulswamad alishuka, akakalia tairi bovu. Hakuhitaji kupima zaidi. Mwezi wa pili breki ya tairi la mbele kushoto ilianza kuvuja, na spea yake haikuwepo Ifakara nzima. Akafanya wanavyofanya mafundi wengi wa bonde hili: aliiziba njia ya mafuta ya breki kwa gololi ya beringi, ili matairi matatu yashike na moja liende bure. Siku mbili tu, alimwambia Donati, spea ije kutoka Dar. Siku mbili za fundi na mwenye gari zinajulikana. Ikaja masika, na utelezi, na ule mteremko wa daraja kabla ya Mofu. Dereva akakanyaga, lori likavuta kulia, likaingia majini, abiria sita wakafa. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Abdulswamad naye akasema hivyo hivyo, na aibu ya kusema hivyo haikumtoka hata siku moja. Kila Jumatatu lori hilo hilo lilimpeleka Mofu binti yake wa pekee, Ilham, anayefundisha shule ya msingi.

Alimweleza Donati yote kwa utaratibu, kama anavyoeleza habari za klachi. Abiria sita wa mwezi wa nne hawajashuka. Hawatashuka mpaka matairi yote manne yashike breki. Spea iagizwe, lori lilale siku tano.

Donati alipanda nyuma, akawaamkia wakubwa, akawapa pole, akashuka.

"Wanamsumbua mtu?"

"Hapana."

"Basi tatizo ni uzito. Fundi, watu wanavuna sasa hivi, mpunga uko mashambani, mimi nilaze lori siku tano? Ongeza majani mawili ya springi kila upande. Breki baada ya mavuno."

"Donati, Jumatatu mwanangu anapanda humu."

"Hata wa kwangu wanapanda," alisema Donati, na ilikuwa kweli.

Abdulswamad alisema hafanyi. Donati hakukasirika. Alitazama tu ng'ambo ya barabara, ambako fundi mwingine alikuwa amekaa bila kazi. Yule angechomelea hovyo, chuma kikatike njiani. Abdulswamad akachukua spana. Funika kombe mwanaharamu apite. Ila mwanaharamu huyu hakuwa na haraka ya kupita.

Jumapili jioni alimkuta Ilham anafunga boksi la mitihani kwa kamba.

"Kesho chukua bodaboda, mama."

"Safari yote hiyo, na boksi hili?"

"Lile lori lina hitilafu."

"Si lilikuwa kwako jana?"

"Lilikuwa kwangu."

"Basi, baba. Mimi napanda lile kwa sababu wewe ndiye fundi wake. Hata walimu wenzangu nimewaambia wapande."

Abdulswamad alitaka kumwambia nani aliweka gololi. Akaomba maji ya kunawa.

Jumatatu alfajiri lori lilikuwa limekaa sawasawa, mbele na nyuma. Donati alilizunguka, akampa fundi mkono. Ilham alipanda, akawaamkia waliokaa, wakaitikia marahaba kwa pamoja, wakasogea kumpa nafasi. Mama Brigita alipokea boksi alipakate, akakumbuka kwamba nguo zake zimeloa, akamrudishia.

"Kaa huku kushoto, mwalimu," alimwambia. "Upande ule maji huanza kuingia."

"Asante, mama," alisema Ilham, akahama.

Abdulswamad alisimama mlangoni mwa gereji hadi lori lilipoondoka. Kwenye tuta la kwanza dereva alikanyaga breki, lori likavuta kulia, dereva akalirudisha kwa usukani kama alivyozoea, likaendelea na safari.