Zeze Lililotaka Kiitikio

Jana usiku, baada ya sala, niliota zeze linabisha hodi. Lilikuwa limevaa koti la suti, na kibuyu chake kimenyolewa vizuri.

"Hodi hapa kwa Mama Eliada."

"Karibu. Nani amekutuma?"

"Shangazi yako Damari. Anasema unipe kiitikio."

Nikaingiwa na shaka. Shangazi Damari amelala chumba cha pili, na tangu apooze mwaka jana hajatamka neno. Wimbo wetu wa kupura uwele tumebaki nao wawili tu hapa kijijini: yeye huanzisha, mimi huitikia. Nusu yangu nikimpa mgeni akapotea nayo, wimbo umekwisha.

"Kama umetoka kwa Mungu," nikaliambia, "sali Baba Yetu."

Likaisali yote bila kukosea, taratibu kuliko mchungaji wetu. Shaka ikazidi.

Nafungua mlango niite majirani. Ua haupo. Nje ni uwanja wa kupuria, na madawati yetu ya darasa la jioni yamepangwa juu ya masuke. Mlima wa kwetu amekaa dawati la nyuma, magoti hayaenei. Mwalimu Chilewa, anayetufundisha ushairi, anaandika ubaoni: Wimbo usioitikiwa hausogei.

Kweli, hakuna kinachosogea. Fimbo za wapuraji zimesimama hewani. Kuku ameinua mguu mmoja, ananitazama kama nimemkosea.

"Mama Eliada, itikia," anasema Mlima. "Mguu umekufa ganzi."

"Wako au wa kuku?"

"Wangu. Kuku ana mdomo wake."

Zeze likanisogelea. "Ninong'oneze mimi, mama. Nitakitunza mahali pasafi."

Mahali pasafi. Hapo ndipo moyo uliposhtuka. Kwetu kiitikio hakifundishwi wala hakinong'onezwi. Unaingia uwanjani, unapura, makapi yanakuingia shingoni, unawashwa mpaka unataka kulia, na jioni unajikuta unaitikia. Sijapata kumwona anayekijua ambaye hakujikuna kwanza.

"Mgongo unakuwasha?" nikaliuliza.

"Hata kidogo. Mimi hutunzwa sandukuni."

"Basi shika fimbo. Pura."

"Na hili koti?"

"Livue, au baki nalo. Shauri yako."

Likachomoa fimbo moja hewani. Pigo la kwanza likamwangukia Mlima kwenye kidole cha mguu.

"Huyu kalelewa mjini," Mlima akasema, akaurudisha mguu chini ya dawati.

Zeze linapura. Makapi yanaingia kwenye kibuyu. Linajinyonganyonga, linajisugua kwenye ubao, Mwalimu Chilewa analiambia likae sawa. Mwisho linashindwa, linachukua upinde wake na kujikuna nao kwenye nyuzi, na hapo sauti ikatoka. Ilikuwa sauti ya Shangazi akianzisha, ule mkwaruzo wake wa kabla ya kuugua. Hakuna aliyelifundisha.

Nikaomba kimoyomoyo: Bwana, kama huu ni mtego, nifumbe mdomo.

Hakunifumba. Nikaitikia. Fimbo zote zikashuka kwa pamoja, na kuku akaweka mguu chini bila kushukuru.

Nilipoamka kumekucha. Shangazi alikuwa akigonga ukuta kwa mkono wake mzima, kama afanyavyo akitaka kugeuzwa. Nikaenda, nikamgeuza. Nyuma ya shingo alikuwa na mistari ya kucha. Nikaipangusa kola ya gauni lake, na kiganjani yakabaki makapi ya uwele.

Tuko Februari. Uwele shambani haujafika magotini.

Nikamtazama kwa mashaka, naye akanitazama vivyo hivyo. Midomo yake ilikuwa ikihangaika, inatafuta pa kuanzia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamngoja aanzishe.